Mtenda Aliyefichwa: Uhakiki wa Lugha ya Mawaziri katika Kipindi cha Maswali Bungeni

Wahakiki wa Kiswahili tumezoea kuelekeza macho yetu kwenye utenzi, shairi, riwaya na tamthilia, nasi tumefanya hivyo kwa faida kubwa. Lakini kuna maandishi mengine ya Kiswahili, yenye muundo, wahusika na mtindo wake, ambayo tumeyapa nafasi ndogo mno. Maandishi hayo ni Hansadi, na hasa sehemu yake ya maswali na majibu. Nia ya makala haya ni kuyatazama majibu ya mawaziri kuhusu uhalifu na mambo ya nchi za nje, na kuonyesha kwamba aghalabu uzito wa lawama ndio unaoamua umbo la kitenzi.

Yafaa kwanza tukumbuke historia. Tarehe 4 Julai 1974 Rais Jomo Kenyatta alitangaza kwamba mijadala ya Bunge la Kenya iendeshwe kwa Kiswahili, na Katiba ikarekebishwa ili kulitimiza tangazo hilo. Wabunge wengi waliozoea kujadiliana kwa Kiingereza walijikuta wamefungwa ndimi, na yakazuka madai kwamba lugha yenyewe haina maneno ya kutosha kwa shughuli nzito za Serikali. Mwaka 1979 Kiingereza kilirudishwa kando ya Kiswahili. Hata hivyo dai la umaskini wa lugha halikuondoka, na hadi leo jibu la waziri likiwa na ukungu, wapo wanaokilaumu Kiswahili. Sisi tunashikilia kinyume chake.

Muundo wa kipindi hiki ni wa kudumu kama muundo wa shairi la arudhi. Katika Bunge la Tanzania, ambako Kiswahili ndicho kilichotia mizizi, swali huandikwa, hupewa namba, na aghalabu hugawanywa katika vifungu (a) na (b). Waziri au naibu wake husimama, humtaja Spika, humtaja muulizaji na jimbo lake, kisha hujibu “kama ifuatavyo”. Baada ya hapo huja maswali ya nyongeza. Katika swali la nyongeza ndipo ufundi wa pande zote mbili hupimwa, kwa kuwa hapo mbunge hana budi kulifuata jibu alilolisikia punde tu.

Na tuanze na uhalifu. Tuseme mbunge wa jimbo la wafugaji ameuliza ni lini Serikali itapeleka askari katika kituo kilichojengwa kwa nguvu za wananchi, na kati ya ng'ombe walioibwa wamerudishwa wangapi. Jibu lifuatalo tumelitunga wenyewe, ila msomaji wa Hansadi ataitambua sauti yake: “Mheshimiwa Spika, hatua madhubuti zimechukuliwa, doria zimeimarishwa, na uchunguzi unaendelea. Wananchi wanaombwa kushirikiana na vyombo vya usalama.”

Kitenzi cha Kiswahili kina sharti gumu: kwa kawaida hakisimami bila kiambishi cha kiima. Kwa hiyo waziri asiyetaka kumtaja mtenda hana budi kutafuta nomino nyingine ya kuketi mahali pake. Hapa zimeketi hatua, doria na uchunguzi. Vitenzi viwili viko katika kauli ya kutendwa, na ile “na” ambayo ingemtaja mtenda imekatwa. Kitenzi cha tatu kinaupa uchunguzi miguu yake wenyewe: unaendelea, wala hakuna auendeshaye. Binadamu pekee waliotajwa katika jibu zima ni wananchi, yaani wale walioibiwa, nao ndio waliopewa kazi ya kufanya. Hata wanapoombwa, hatuambiwi nani anayewaomba. Idadi ya ng'ombe na tarehe ya askari, mambo mawili yaliyoulizwa, hayamo.

Ama kwa upande wa mambo ya nchi za nje, sarufi hubadilika. Ghafla mtenda huonekana: “Nchi yetu inafuatilia hali hiyo kwa karibu, na itaendelea kuimarisha uhusiano mwema uliopo.” Hapa kauli ni ya kutenda, na kiima ni taifa zima. Lakini tuvitazame vitenzi. Kufuatilia ni kutazama tu. Kuendelea kuimarisha ni ahadi inayodai kwamba jambo lenyewe limekwisha kuanza, na hivyo kumkinga msemaji asiulizwe lini litaanza. Waziri huitamka sentensi hii kwa kiburi cha halali kwa sababu haina mzigo, na hakuna mbunge atakayedai hesabu ya ujirani mwema.

Mambo hayo mawili hukutana pale raia anapofikwa na maafa ng'ambo. Vifo na mateso ya Wakenya walioajiriwa kazi za nyumbani katika nchi za Ghuba, hasa Saudi Arabia, vimeulizwa Bungeni mara kadhaa. Swali kama hilo ni la uhalifu na la mambo ya nje kwa pamoja. Sikiliza jinsi kauli ya kutendwa inavyorejea jibu linapoikaribia lawama: mawasiliano yanafanywa, taarifa inasubiriwa, taratibu zinafuatwa. Taifa lililokuwa likifuatilia kwa karibu limetoweka katika sentensi.

Pengine itasemwa kwamba waziri ana siri za kulinda, na kwamba upelelezi ukitangazwa huharibika. Hoja hii ina uzito. Lakini siri na ukungu si kitu kimoja. Anayesema “siwezi kulitaja jina hilo kabla ya kesi kufikishwa mahakamani” amejitaja, amekubali kwamba jina lipo, na ametoa kikomo ambacho mbunge aweza kukirudia. Anayesema “uchunguzi unaendelea” hakutoa hata kimoja.

Tofauti hii si ya darasani tu. Tarehe 2 Machi 1975 J. M. Kariuki, Mbunge wa Nyandarua Kaskazini, alitoweka Nairobi. Kwa zaidi ya wiki moja nchi iliuliza yuko wapi, na gazeti moja likachapisha kwamba yuko Zambia, hali mwili wake ulikuwa umekwisha kuokotwa Ngong. Habari ile ilikuwa ya uongo, lakini ilitaja mahali, na kwa hiyo iliweza kukanushwa. Jibu lisilo na mtenda wala mahali halikanushiki. Bunge liliunda kamati teule, na ripoti yake ikataja watu ambao ilitaka wachunguzwe zaidi. Yaani kitenzi “aliuawa” kilianza kutafutiwa ile “na” iliyokatwa. Bunge lilipoikubali ripoti hiyo mwezi Juni, Waziri Masinde Muliro na mawaziri wasaidizi John Keen na Peter Kibisu walipoteza vyeo kwa kupiga kura upande wa ripoti. Mwezi Oktoba mwaka huo huo, Martin Shikuku alidai Bungeni kwamba KANU imeuawa. Alipotakiwa athibitishe, Naibu wa Spika Jean-Marie Seroney akaamua kwamba lililo wazi halihitaji uthibitisho, na wote wawili wakatiwa kizuizini. Haya yalitukia katika miaka ambayo Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya mjadala. Lugha inayodaiwa kuwa butu haikuwa butu siku hiyo.

Tangu Katiba ya 2010 mawaziri wa Kenya si wabunge tena, na kwa miaka kadhaa walijibu mbele ya kamati tu, hadi kanuni zilipowarudisha mbele ya wabunge wote mwaka 2023. Kifungu cha 120 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Basi kazi ya idara zetu ni dhahiri. Tuwafundishe wanafunzi kauli ya kutendwa si kwa mifano ya Juma na embe lililoliwa peke yake, bali kwa kurasa za Hansadi, na kila jibu walipime kwa maswali matatu: nani, lini, na kiasi gani. Mbunge aliyejifunza kuiuliza ile “na” iliyokatwa atakuwa na swali la nyongeza kila mara.