Ngoma ya Jembe Ugenini

Mtu apitaye katika vijiji vya Geita akasikia ngoma kubwa za bugobogobo zikilia aweza kudhani kuwa ni ngoma za asili za nchi ile. Sivyo. Nchi ile ni Uzinza, na ngoma zile zilikuja na Wasukuma waliohama kutoka pande za Shinyanga, Kwimba na Mwanza. Wengi walihamia baada ya mwaka 1947, serikali ya Waingereza ilipoanzisha mpango wa kuendeleza Usukuma, ikawafungulia watu ardhi ya Geita, kwa kuwa huko kwao watu na ng'ombe walikuwa wamesongana. Hawakuchukua jembe peke yake. Walichukua na wimbo wake.

Kwa hilo twawasifu. Tena wimbo wenyewe haukuwa pambo. Watu walilima kwa mstari, mwimbishaji akatoa neno, wenzake wakaitikia, na majembe yakashuka pamoja. Baada ya mavuno, vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vilishindana, na chama kilichovuta watu wengi ndicho kilichoshinda.

Walakini tuna neno la kulaumu. Siku hizi twaiona bugobogobo zaidi katika kupokea wageni wakubwa. Majembe yarushwa juu na kudakwa kwa ustadi mwingi, lakini hayagusi udongo. Nyimbo zafupishwa zisimchoshe mgeni, na mapigo yaharakishwa, kwa maana hakuna tena mgongo wa mkulima wa kuyapimia mwendo.

Je, watu warudi kulima kwa mstari kama zamani? Hatusemi hivyo. Frank Gunderson, aliyekusanya nyimbo za kazi za Wasukuma katika kitabu kilichotolewa mwaka 2010, ametuwekea nyimbo za wawindaji na za wapagazi pamoja na za wakulima. Basi twaona kwamba wimbo ulifuata kazi kila ilikokwenda.

Sasa kazi ya vijana wengi wa Geita ni dhahabu. Mgodi wa zamani ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulianza mwaka 2000. Kando yake wachimbaji wadogo hushuka mashimoni na sururu zao. Jasho liko huko, na huko ndiko tunakotaka kusikia wimbo mpya wa Kisukuma. Kikundi kirudiacho maneno ya babu tu hakimtendei babu haki, kwani yeye aliimba kazi ya siku zake.

Enyi walimu wenzetu, mashamba ya shule yapo. Mwiteni mzee ajuaye kuimbisha, watoto walime kwa ngoma yake, kisha watunge maneno yao wenyewe. Yakiwa dhaifu, si kitu. Waitikiaji watayanyosha, kama walivyofanya tangu zamani.