Rolakosta Nzuri Hujulikana kwa Shingo

Bodaboda ikishuka kilima cha Kibuli na kuipita Kabalagala, haichukui muda kufika Kansanga, kwenye bustani ya bembea ya Wonder World, ambayo watu wa Kampala wa siku nyingi bado huiita Didi's World. Hapo ndipo mtoto wa Kibuli anapopanda rolakosta bila pasipoti. Kaka yake aliyekwenda kutafuta kazi Abu Dhabi atamcheka: kule kuna Formula Rossa ya Ferrari World, iliyofunguliwa mwaka 2010, inayofika kilomita 240 kwa saa ndani ya sekunde tano hivi, na abiria huvalishwa miwani ya kukinga macho.

Ubishi wa namna hiyo huishia kwenye mwendo, na hapo ndipo watu hupotea. Mwendo hununuliwa, ni suala la mota na fedha. Ufundi uko kwenye mapindo.

Mwaka 1895, kule Coney Island, New York, Flip Flap iliwazungusha abiria kichwa chini miguu juu kwenye duara kamili. Duara lilikuwa kosa. Behewa likifika chini na kasi yake yote, huingia kwenye pindo kali kwa mara moja, na mzigo wote humwangukia abiria shingoni. Dawa iliyodumu ilipatikana mwaka 1976, Mjerumani Werner Stengel alipoichorea Revolution ya California, iliyojengwa na Anton Schwarzkopf, kitanzi chenye umbo la tone: chini pindo pana, juu pindo dogo. Kwa hiyo anayetazama kitanzi kutoka nje aanze na umbo hilo. Kisha atazame kona za kawaida. Reli ya fundi hodari huanza kulala mapema na kukaza pindo kidogo kidogo. Reli ya fundi wa haraka hunyooka, halafu hukata ghafla, na abiria wote huinama ubavuni kwa pamoja. Vichwa vyao vinasema zaidi kuliko bango la langoni.

Baada ya macho, masikio. Ule mlio wa ka-ka-ka wakati wa kupanda mlima wa kwanza huwatia wengi hofu, ilhali ni meno ya usalama yanayozuia behewa lisirudi nyuma mnyororo ukikatika. Ngurumo ndefu mteremkoni nayo si ubovu: boriti za chuma zilizo wazi ndani hurudisha sauti, na viwanda vingine huzijaza mchanga ili kuzinyamazisha. Mlio wa kutilia shaka ni kishindo kimoja kinachorudi mahali pale pale kila mzunguko. Hapo kuna kiungo cha reli kisichokaa sawa, au gurudumu lililoliwa upande mmoja.

Magurudumu yenyewe huwa ya namna tatu: ya juu hubeba uzito, ya ubavuni huongoza, ya chini hulizuia behewa kuruka nje ya reli. Hayo ya chini yalipata hataza ya Mmarekani John Miller mwaka 1919, na bila hayo hakuna mteremko mkali unaofaa kupandwa na binadamu.

Kampala mvua hunyesha misimu miwili kwa mwaka, kwa hiyo nguzo za rolakosta zisomwe kwa jicho la fundi wa kuchomelea vyuma. Rangi iliyopauka haina neno. Mstari mwembamba wa kutu unaotiririka kutoka kwenye mshono, au rangi iliyopasuka kuufuata mshono huo, ni jambo jingine: huenda chuma chenyewe kimeanza kufa ndani. Nguzo kuyumba kidogo behewa likipita ni kawaida. Nguzo kuchezacheza kwenye boliti za msingi si kawaida hata kidogo.

Anayetaka kupima kazi yote kwa mwili wake akae behewa la mwisho, ambalo huvutwa kwa nguvu kuvuka kilele na hakuna kosa linalofichika humo. Ila kwanza amtazame mhudumu. Asipopita kuvuta kwa mkono pau ya usalama ya kila abiria, tiketi irudishwe dirishani, hata kama reli imechorwa na Stengel mwenyewe.