Transit: Mkimbizi wa Riwaya na Mkimbizi wa Sinema

Msafiri masikini ajapokuwa sultani. Methali hii yasema kweli juu ya msafiri mwenye kwao. Mkimbizi humzidi kwa umasikini, kwa kuwa njia ya mbele hajapewa na ya nyuma imefungwa. Vitabu vingi vya karne ya 20 vimeeleza hali hii, lakini ni vichache vilivyoitazama kwa karibu kama riwaya ya Kijerumani iitwayo Transit, kazi ya Anna Seghers. Mwaka 2018 mwongozaji Mjerumani, Christian Petzold, aliitoa riwaya hiyo katika sinema, akafanya jambo la ujasiri: mambo ya miaka ya 1940 na 1941 aliyatia katika mitaa ya Marseille ya siku hizi. Swali lililo mbele ya mhakiki ni hili: mkimbizi aliyeondolewa katika wakati wake amepata nini, na amepoteza nini?

Seghers aliyajua aliyoyaandika. Alizaliwa Mainz mwaka 1900, katika jamaa ya Kiyahudi, akawa mwanachama wa chama cha Kikomunisti. Wanazi waliposhika utawala mwaka 1933 alikimbilia Ufaransa. Mwaka 1940 majeshi ya Ujerumani yalipoingia Paris alikimbia tena, akafika Marseille pamoja na watoto wake, na mumewe yu kizuizini katika kambi ya Le Vernet. Machi 1941 walipanda meli, na safari yao ikaishia Mexico. Riwaya ilitolewa mwaka 1944 kwa lugha za kigeni kabla ya kusomwa kwa Kijerumani. Hata kitabu chenyewe kilikuwa mkimbizi.

Msimulizi wa riwaya ni kijana Mjerumani aliyetoroka kambi mbili, asiyetajwa kwa jina lake la kweli. Huko Paris alikabidhiwa barua ampelekee mwandishi aitwaye Weidel, akamkuta amekwisha jiua. Anachukua sanduku la marehemu, na ndani yake mna kisa kisichokwisha. Katika ubalozi wa Mexico mjini Marseille anadhaniwa kuwa ndiye Weidel, naye anauacha uongo huo uendelee. Hapo anatokea Marie, mke wa marehemu, anayemtafuta mumewe mji mzima. Kila ofisi humwambia kuwa mumewe alikuwa hapo jana. Mwanamke anamfuata maiti, na anayemtembeza maiti huyo mjini ni kijana anayempenda.

Kisa hiki kinasimama juu ya sheria. Mtu hakuweza kuingia melini bila ya viza ya nchi aendayo, na kibali cha kupita katika kila nchi iliyo njiani. Kibali hicho ndicho kilichoipa riwaya jina lake. Tena ilimpasa awe na tikiti ya meli, na ruhusa ya Ufaransa ya kuondoka. Kila karatasi ilikuwa na siku zake, na aghalabu ya mwisho ilipopatikana, ya kwanza ilikuwa imekwisha muda. Lililo baya zaidi, mgeni hakuruhusiwa kukaa Marseille ila kwa kuthibitisha kuwa anataka kuondoka. Katika riwaya yumo mzee kiongozi wa muziki ambaye maisha yake yote yamekuwa foleni, na anakufa akiwa bado anangoja.

Petzold ameichukua sheria hii nzima akaivua tarehe. Katika filamu yake polisi wana mavazi na magari ya leo, na barabara ni za leo. Lakini simu za mkononi hazionekani, karatasi bado hupigwa mihuri, na mkimbizi, ambaye hapa anaitwa Georg, anakwenda Mexico kwa meli. Hakuna anayeeleza ni mwaka gani. Mtazamaji hutafuta dosari hii kwa dakika chache, kisha huacha kuitafuta, na katika kuacha huko ndimo ulimo ushindi wa filamu. Endapo mambo ya mwaka 1940 yanaweza kutembea katika njia za mwaka 2018 bila ya kujikwaa, basi njia zenyewe zilikuwa tayari kuyapokea. Mataifa yalitia sahihi Mkataba wa Wakimbizi mjini Geneva mwaka 1951, na mwaka 1967 yakaongeza itifaki ya kuupanua. Walakini foleni ya Marseille haikuwa ngeni kwa aliyetazama filamu hii.

Faida ya pili ni Driss na Melissa. Katika riwaya msimulizi huzoeana na jamaa ya Kifaransa, Binnet. Katika filamu mahali pao pana mama bubu na mwanawe mdogo, wenye asili ya Afrika ya Kaskazini. Georg anamtengenezea mtoto redio, anacheza naye mpira, na mtoto anaanza kumtazama kama baba. Ndipo anapotambua kuwa huyu naye ataondoka. Baadaye Georg anarudi nyumbani kwao anakuta wamekwenda zao, na chumbani wamejaa wakimbizi wengine, wanaomkodolea macho kimya. Kwa picha hiyo moja filamu inasema jambo ambalo riwaya haikuweza kulisema: kuwa Mjerumani anayehurumiwa na mtazamaji anao ndugu katika chumba cha pili, na hao hakuna kitabu kilichowatangulia kuwaombea huruma.

Walakini kila kilichovuliwa kina gharama yake. Katika riwaya mkimbizi anajisimulia mwenyewe. Ameketi katika mkahawa, amemwalika mtu asiyemjua, anamwomba amsikilize mpaka mwisho. Mtu ambaye kila ofisi imemsikiliza kwa ajili ya kumpiga muhuri tu, hatimaye anasikilizwa kwa ajili yake mwenyewe. Filamu imempokonya sauti hiyo ikampa mhudumu wa baa, ambaye anasimulia yale aliyoambiwa, na mara nyingine maneno yake hayalingani na picha. Ni ufundi wenye maana, kwani huonyesha jinsi maisha ya mkimbizi yanavyogeuka kuwa habari vinywani mwa wengine. Lakini kuonyesha dhuluma si sawa na kuiondoa, na Georg anabaki kuwa mtu anayesemewa.

Gharama kubwa zaidi iko mwishoni. Katika riwaya na katika filamu, kijana anaacha nafasi yake ya safari, Marie anaondoka na daktari, na meli yao inazama. Msimulizi wa Seghers haishii katika msiba huo. Anakataa kuondoka kwa hiari yake. Anakwenda shambani, anafanya kazi pamoja na watu waliompokea, na yu tayari kupigana bega kwa bega nao siku adui atakapofika. Aliyetakiwa kuthibitisha kuwa anaondoka amethibitisha kuwa anakaa. Georg wa filamu naye amebaki, lakini amebaki kungoja. Ameketi baani akimtazamia mwanamke aliyekufa, na msako wa polisi unakaribia. Mlango unasikika, uso wake unageuka, na picha inakatika.

Tofauti hii haikutokea kwa bahati mbaya. Shamba lile lahitaji nchi yenye jina, na vita vile vyahitaji adui mwenye tarehe. Mwongozaji aliyemtoa mkimbizi katika mwaka 1940 ili awe wa nyakati zote, amemtoa pia juu ya udongo ambao angeweza kusimama. Georg anaweza kupenda, kuhurumia na kujitolea nafasi yake. Kushiriki katika jambo la watu wengi hawezi, kwa sababu filamu haina wakati ambamo jambo hilo lingetendeka.

Filamu ya Petzold, basi, ni tafsiri ya kweli ya nusu ya riwaya, na nusu hiyo imefasiriwa kwa ustadi usio na kifani. Imewaonyesha watu wa leo kuwa foleni haijakwisha. Atakaye kujua mtu anavyotoka katika foleni hana budi kurudi kwa Seghers, aliyeandika kitabu chake huku vita vikiendelea, asijue mshindi atakuwa nani, na hata hivyo akampa mtu wake pa kusimama.