Mizunguko Arobaini na Moja

Pikapu tupu ndiyo inayoteseka zaidi na tope la Meru. Injini iko mbele na uzito uko mbele, lakini nguvu yote imepelekwa nyuma, mahali pasipo na kitu cha kuyakandamiza matairi yaishike ardhi. Wakulima wanaotoka Ngarenanyuki wanalijua hilo bila kufundishwa. Wakishashusha nyanya mjini Arusha, hutafuta mawe au viroba vya mchanga wa kurudi navyo, wakachoma mafuta kubeba mzigo usiouzika, ili mradi wafike nyumbani. Udongo wa upande ule umetokana na majivu ya volkano. Kiangazi ni vumbi linaloingia hadi kwenye chai, na masika yakikolea hakuna kiroba kitakachokuokoa.

Kwa watu hawa kuna mzee mmoja eneo la Unga Limited, nyuma ya safu ya maduka ya vipuri, ambaye huichukua pikapu ya kuvuta matairi mawili akaifanya ivute yote manne. Gereji yake haina kibao. Ina mgrivea wa kivuli, mtungi wa gesi wa kukatia chuma, mashine ya kuchomelea, na rundo la difu kuukuu, zile ekseli zenye gia za kuzungusha matairi, zilizopangwa kwa utaratibu anaoujua mwenyewe. Sijapata kuona kazi ya mikono katika mji huu ninayoiheshimu kuliko hii, na ninaandika kwa sababu naona inatuponyoka.

Siku niliyokwenda kumtazama, juu ya magogo palikuwa na Hilux ya mwanzoni mwa miaka ya tisini, mali ya mama mmoja anayelima nyanya na vitunguu. Mama mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, kanga mabegani, akiulizia siku ya kuichukua.

“Fundi, mvua hazinisubiri.”

“Najua, mama. Lakini hii nikiiharakisha, itakulaza porini na mzigo wako.”

Mama hakubisha. Alivuta kiti akasogea karibu, akaanza kutazama nasi.

Kilichokuwa kinafanyika kilionekana kama si kazi kabisa. Difu mbili zilikuwa zimelazwa juu ya mataruma, moja ya mbele iliyonunuliwa kwenye gari lililopinduka, nyingine ya nyuma iliyotoka kwenye pikapu yenyewe. Mzee aliufunga upande mmoja wa ile ya mbele kwa kamba usizunguke. Akachora mstari wa chaki kwenye habu ya upande wa pili, na mstari mwingine pale propela inapofungwa. Kisha akamwambia kijana wake aizungushe habu polepole, yeye akiwa amechuchumaa, macho kwenye chaki, midomo ikihesabu bila sauti.

Upande mmoja ukifungwa, habu iliyo huru huzunguka mara mbili kwa kila mzunguko mmoja wa difu ndani. Fundi wa kawaida basi huzungusha mara mbili, akahesabu propela: mizunguko minne na kidogo. Hapo ndipo makosa huanzia, kwenye hiyo “kidogo.” Difu yenye meno 41 kwa 10 hutoa nne na kidogo. Yenye meno 43 kwa 10 nayo hutoa nne na kidogo. Kwa macho, kati ya kidogo hiki na kile hakuna tofauti ya kumzuia mtu mwenye haraka.

Mzee hazungushi mara mbili. Huzungusha mara ishirini, ili difu ndani ikamilishe mizunguko kumi, na yale meno yajitaje yenyewe kwa hesabu kamili. Arobaini na moja, au arobaini na tatu. Ikifika arobaini na tano na nusu hivi, ni 41 kwa 9. Kijana alipopoteza hesabu katikati, mzee hakumgombeza. Alifuta chaki kwa kiganja, akachora upya, wakaanza tangu moja.

Nilimuuliza kwa nini asisome kibati cha kiwandani ambacho mara nyingi huandikwa aina ya difu. Alinijibu kwamba kibati kinasema gari lilivyotoka Japani, hakisemi limepitia mikono ya nani tangu hapo. Pikapu ya miaka thelathini huenda imebadilishiwa difu na watu watatu, na kila mmoja alifunga aliyoipata siku hiyo. Ndiyo maana hata ile ya nyuma, ambayo mama aliapa haijawahi kuguswa, nayo ilihesabiwa. Ya mbele ilikuwa 41. Ya nyuma ilikuwa 43. Mama alishika kidevu. Mzee alikwenda kwenye rundo lake, akaburuta nyingine, wakahesabu tena: arobaini na moja.

Nimeona magari ambayo hayakuhesabiwa. Difu mbili zisizolingana zikifungwa kwenye gari moja, yaani 41 na 43, kila kilomita moja linayotembea na matairi manne yakivuta, mbele na nyuma vinapingana kwa karibu mita 50. Kwenye tope hutasikia kitu, kwa kuwa tope linakubali kuteleza. Ukilisahau likivuta yote manne ukaingia kwenye lami ya Usa River, matairi yanakwaruza, transfa inayogawa nguvu mbele na nyuma inachemka, na krosi za propela zinakatika. Mwenye gari atalaumu vipuri vya siku hizi. Hatajua kwamba kulikuwa na mizunguko kumi na minane ambayo fundi wake hakuwa na subira ya kuihesabu.

Baada ya hesabu ndipo chuma hukatwa. Pikapu ya kuvuta nyuma haikuumbwa ipitishe difu chini ya injini, kwa hiyo kipande kinachoshikilia mikono ya mbele lazima kiondolewe, na chasisi ijengewe mahali pa springi. Sampu ya oili hugongana na difu, hivyo hubadilishwa. Giaboksi ya zamani hutoka ikaja ile yenye transfa nyuma yake, na kwa kuwa transfa imekula nafasi, propela ya nyuma hukatwa ikafupishwa na kubalansiwa upya. Mipira ya breki haifiki tena, inatakiwa mirefu. Stelingi ni habari ndefu ya peke yake, na mzee haruhusu mtu mwingine aiguse. Mwisho wa yote dereva anakuta mkono mfupi wa gia kando ya ule mrefu, na ndani yake gia nzito inayozidisha nguvu zaidi ya mara mbili.

Wako wanaofanya kwa njia ya mkato. Hununua chasisi nzima ya gari lililoungua au kupinduka, wakaiinua bodi ya zamani na kuiweka juu. Kwa siku chache kazi imekwisha, na mteja anafurahi mpaka siku askari au mnunuzi atakapoinama kusoma namba ya chasisi na kuilinganisha na kadi. Wateja wa namna hiyo humjia mzee wakiwa tayari wameshatapeliwa, naye huwarudisha. Gari likiwa na namba isiyo yake, haligusi.

Kazi hii haikuanzia Arusha, na hilo haliipunguzii heshima. Huko Marekani, Marmon-Herrington walikuwa wakiyageuza malori ya Ford tangu miaka ya thelathini. Ufaransa, Henry Dangel alionyesha mwaka 1980 Peugeot 504 aliyoigeuza ivute matairi yote, wakati Peugeot wenyewe hawakuwa wakiitengeneza hivyo. Toyota walianza kutoa Hilux mwaka 1968, na ya kuvuta matairi manne ikafuata mwaka 1979. Kati ya mwaka ambao gari linauzwa na mwaka ambao kiwanda kinakumbuka kwamba kuna watu wanaoishi milimani, aliyekuwepo kila mahali ni fundi.

Na huku milimani watu wana sababu ya kung'ang'ana na barabara yao. Ngarenanyuki ni ardhi iliyopiganiwa. Mwaka 1951 Wameru waliondolewa kwa nguvu kupisha walowezi, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasafiri hadi New York kuipeleka kesi yao Umoja wa Mataifa. Siwezi kulitazama tenga la nyanya la mashamba yale bila kulikumbuka hilo. Mazao ya ardhi iliyorudi kwa taabu namna ile hayastahili kuozea njiani, kwenye mwinuko wa kuelekea Momella, kwa sababu ya difu isiyolingana.

Oktoba 2024 mji wetu ulijaa Land Rover kutoka kila upande wa nchi, mpya na kongwe, zikipita kwa msafara, watu wakishangilia barabarani. Nilisimama pia nikashangilia. Lakini nilitamani kila gari lenye umri wangu lipite na fundi wake ameketi mbele, kwa sababu hakuna gari la umri huo linalotembea kwa nguvu za kiwanda. Linatembea kwa mikono ya watu wa Unga Limited, Kijenge, Mbauda, ambao majina yao hatuyaulizi tukishalipa.

Tena hata kulipa tunalipa kwa shingo upande. Mteja atanunua simu bila kubembeleza bei, lakini kwa fundi aliyelala chini ya gari lake juma zima atataka apunguziwe nusu. Kisha atashangaa kwamba vijana wenye mikono mizuri wamehamia kwenye karakana za magari ya watalii, zinazokata Land Cruiser na kuzirefusha, zikaziwekea paa la kuinuka. Ile ni kazi ya heshima, na inalipwa. Ila gari moja hufanana na la jana, vipimo viko ukutani, na kijana anaweza kukaa humo miaka asikutane na difu isiyojulikana imetoka wapi. Ujuzi wa kukitilia shaka kibati, ukachora chaki na kuhesabu, hauna pa kujifunzia humo.

Mzee amebaki na kijana mmoja, yule aliyekuwa akizungusha habu. Ni mwepesi wa kuelewa, mkono wake wa kuchomelea umetulia, na tayari ameitwa mahali pengine kwa mshahara wa mwezi. Mzee hamzuii. Aliniambia tu kwamba laiti angekaa masika mawili zaidi angejifunza stelingi.

Lile rundo nalo lina mashaka yake. Kila difu imeandikwa hesabu yake kwa rangi nyeupe, kazi ya miaka mingi ya kupita kwa wauza vyuma chakavu na kuziokoa kabla hazijapelekwa kuyeyushwa. Mnunuzi mmoja wa chakavu amekuwa akija kuulizia rundo lote kwa kilo. Mzee anakataa. Kijana anasema wauze, kwa kuwa wateja wa kazi hii wamepungua na mahali pale pangefaa kuoshea magari.