Mount Gelai kwa Vitofali

Reli ya kawaida ya treni za LEGO ina kona ya aina moja. Vipande kumi na sita vya kona hiyo vikiungwa vinafunga duara, na kutoka katikati ya duara hadi katikati ya reli ni vinundu 40 vya juu ya kitofali, yaani sentimita 32. Tangu mwaka 1991 kampuni imebadilisha mota, rangi ya reli na njia ya kupitisha umeme, lakini kona imebaki ileile. Ukitaka kona pana zaidi utanunua kwa watengenezaji wadogo wa pembeni, tena kwa bei ya kukukata maini. Kwa hiyo mtu mzima anayekaa mezani usiku kujenga garimoshi lake mwenyewe, hata awe fundi wa kiwango gani, ana bosi mmoja asiyesikia rufaa, na bosi huyo ni sentimita 32.

Naanzia hapo, penye ugumu, kwa sababu wengi wanaosifu kazi hii huanzia utotoni. Wanasema mtu anarudi kucheza. Huenda wapo wanaorudi. Mimi utotoni sikuwa na LEGO hata moja, wala sikumjua aliyekuwa nayo, hivyo sina pa kurudi. Nilivutwa na kazi yenyewe nikiwa nimeshaota mvi.

Kitofali changu cha kwanza nilikipata soko la Toi, Nairobi, kwenye lundo la midoli ya mitumba iliyomwagwa juu ya turubai: wanasesere wasio na nguo, magari yasiyo na tairi, na katikati yake vipande vya LEGO vimetapakaa ovyo. Vipande hivyo huchambuliwa kwa vidole zaidi kuliko kwa macho. Kitofali halisi kina kingo kali na kinalia kikigongwa na mwenzake. Cha kuiga kina utelezi fulani wa mafuta, na ukikiunganisha ama kinalegea ama kinang'ang'ania. Juu ya kila kinundu cha kile halisi pana jina la kampuni kwa herufi ndogo ambazo ukucha unazihisi. Muuzaji alinitazama nikipapasa, akaniuliza, "Mkubwa, mtoto ana miaka mingapi?" Nikamwambia arobaini na mmoja. Akacheka, akaniongezea magurudumu mawili bure. Nyumbani mali hiyo huoshwa kwa sabuni na maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi 40, kisha huanikwa kivulini, maana jua hugeuza plastiki nyeupe kuwa na rangi ya meno ya mvuta sigara.

Ajabu ni kwamba vipande vya lundo lile, ambavyo hakuna ajuaye vimepitia nyumba ngapi za Ulaya, vyote vinashikana. Godtfred Kirk Christiansen alisajili hataza ya kitofali hiki mwaka 1958, huko Billund nchini Denmark, na kitofali cha mwaka huo kinakaa sawasawa juu ya kilichotoka kiwandani juzi. Kalibu zake huchongwa kwa usahihi wa takriban sehemu moja ya mia ya milimita. Kutoka kinundu hadi kinundu ni milimita 8. Kimo cha kitofali ni milimita 9.6. Kibamba, kile kipande chembamba ambacho ni theluthi ya kitofali, kina kimo cha milimita 3.2. Mjenzi wa treni huzijua namba hizo kwa moyo, na muda si mrefu utaona kwa nini.

Historia ya treni zenyewe naipitia haraka. Ya kwanza ilitoka mwaka 1966, ikiwa na reli za buluu na betri za volti 4.5. Mwaka 1969 ukaja umeme wa volti 12 kutoka kwenye transfoma, na mwaka 1980 reli zikawa za kijivu, zikiwa na swichi na ishara za kuendeshwa kwa mbali. Mwaka 1991 ukaingia mfumo wa volti 9, ambao umeme wake ulipita kwenye reli zenyewe, zilizovishwa chuma. Miaka ya 2000 ilipokuwa ikielekea ukingoni kampuni ikauacha, ikarudisha betri ndani ya treni, na tangu 2018 treni inaendeshwa kwa bluetooth. Wazee wa volti 9 hawajaondoa matanga hadi leo.

Sina ugomvi na mkusanyaji. Asiyekusanya hana cha kujengea. Ila ninamtilia shaka yule anayenunua sanduku na kuliweka kabatini likiwa na lakiri yake. Emerald Night, garimoshi la kijani lililotoka mwaka 2009, liliuzwa Marekani kwa dola 99.99, na leo sanduku lake lisilofunguliwa linadaiwa mara kadhaa ya bei hiyo. Sawa, lakini hiyo ni biashara ya hisa, na hisa hazihitaji magurudumu. Uzuri wa Emerald Night ni kwamba lilileta magurudumu makubwa ya kuendeshea, yenye kipenyo kinachokaribia milimita 30, ambayo kampuni haikuwahi kuyatoa kabla. Kwa mjenzi, kuyafungia magurudumu hayo kabatini ni kunyima wagonjwa dawa.

Mwaka 2020 likatoka sanduku lililonigusa zaidi: Crocodile, mfano wa kichwa cha treni ya umeme cha Uswisi kilichopanda milima ya Gotthard. Treni ile ni ndefu, na njia za milimani zina kona kali, ndiyo maana waliijenga katika sehemu tatu zenye maungio, pua mbili na mwili katikati. Ukiijenga kwa vitofali unafahamu umbo lile limetoka wapi bila kuhadithiwa. Nilipoimaliza nikawaza: kumbe na sisi tunaye wa ukoo huo, tena mkubwa kuliko huyu, amesimama kwenye Makumbusho ya Reli, Nairobi.

Huyo ni namba 5918, Mount Gelai, garimoshi la mvuke la daraja la 59 la Reli za Afrika Mashariki. Magarimoshi 34 ya daraja hilo yaliundwa na Beyer Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956, na yakapewa majina ya milima ya huku kwetu. Gelai ni mlima wa Tanzania, karibu na Ziwa Natron. Jirani yake hapo makumbushoni, Mount Shengena, amepewa jina la kilele cha Upare. Jumuiya ile ya zamani ya Afrika Mashariki imekwisha ila milima yake miwili ya Kitanzania bado haijadaiwa. Uzito wa Mount Gelai ni tani 252, urefu unapita mita 31 na nusu, na magurudumu ni 28. Daraja hili hutajwa mara kwa mara kuwa lenye nguvu kuliko magarimoshi yote ya mvuke yaliyowahi kukimbia kwenye reli ya upana wa mita moja.

Mashine ya ukubwa huo ilipitaje kwenye reli nyembamba ya mita moja, yenye kona na miinuko kutoka pwani hadi bara? Jibu ni la Herbert William Garratt, mhandisi Mwingereza. Garratt wa kwanza aliundwa na Beyer Peacock hao hao mwaka 1909 kwa ajili ya Tasmania. Injini zinakuwa mbili, moja mbele na nyingine nyuma, kila moja na fremu na magurudumu yake, na boila linaning'inizwa katikati yao juu ya maegemeo mawili. Fremu zinafuata reli, boila linakatiza kona kwa ndani. Kwa kuwa chini ya boila hakuna magurudumu, linaweza kunenepa litakavyo. La Mount Gelai lina kipenyo cha zaidi ya mita mbili, na ukilitazama kwa mbele unashangaa miguu ile myembamba inalibebaje.

Nilipoamua kulijenga kwa vitofali nilichukua kipimo cha moja kwa arobaini na tano. Garimoshi likawa la sentimita 70, vinundu 88, na upana wake vinundu 8. Kona yetu ya sentimita 32, kwa kipimo hicho, ni kona ya mita 14 na ushee, chini ya nusu ya urefu wa garimoshi lenyewe. Hakuna treni halisi ya namna hii duniani inayoweza kukata kona kama hiyo. Lakini Garratt wa plastiki anaipita. Kila fremu inajipinda kivyake, boila linahama upande wa ndani, na kitu pekee cha kuangalia ni ukuta wa stesheni, uwe mbali. Garimoshi la kawaida la nusu ya urefu huo lingekwama au lingeruka reli.

Kasoro ipo, tena ya kuchekesha. Reli ya LEGO ina upana wa milimita 37.5 hivi. Ukiizidisha kwa 45 unapata karibu mita 1.7. Yaani nimelichukua garimoshi la reli nyembamba nikaliweka kwenye njia pana kuliko SGR, na hakuna dawa ila kujenga mwili wote upya kwa kipimo kikubwa zaidi, nao hautaenea mezani. Nimeamua kutazama juu.

Boila ndilo lililonila usiku mwingi. Vitofali ni vya pembe, boila ni duara, na duara lenye upana wa vinundu sita halipatikani kwa kupanga kwenda juu tu. Siri iko kwenye zile namba. Vibamba vitano vikipangwa vinafika milimita 16, na vinundu viwili navyo ni milimita 16. Hapo ndipo unapoweza kugeuza kipande kilale kwa ubavu na bado kikaingia kwenye nafasi yake bila mwanya. Katikati ya boila nimejenga uti wa vipande vyenye vinundu pande zote nne. Juu, chini, kushoto na kulia nikabandika vibamba, kisha vipande vilivyopinda, kila upande ukiwa na juu yake na chini yake. Gundi hakuna. Ukikosa nusu ya kibamba, yaani milimita 1.6, mstari unaonekana toka upande wa pili wa sebule. Bomba la moshi lilinipa ahueni: daraja la 59 lilifungwa bomba bapa la Giesl, mhandisi wa Austria, ambalo ni refu na jembamba badala ya duara, na vitofali havina matatizo na vitu bapa.

Rangi nayo ina amri zake. Reli za Afrika Mashariki zilipaka magarimoshi haya rangi ya damu ya mzee. LEGO wana nyekundu iliyoiva inayokaribia kabisa, lakini si kila kipande kimewahi kutengenezwa kwa rangi hiyo. Kwanza nachora kwenye kompyuta, kisha naangalia kama kila kipande kimewahi kuwepo, kisha naagiza kwa wauzaji wa nchi tatu au nne, kisha nalipa ushuru nikinung'unika. Ubavu wa tangi la maji la mbele umebadilika umbo kwa sababu kipande kimoja kilichopinda hakipatikani kwa nyekundu hiyo. Mtu aliyezoea rangi ya kopo hawezi kuelewa.

Kuhusu mwendo: boksi la betri sita ndogo limejificha ndani ya tangi la mbele, na uzito wake unakandamiza magurudumu yasiteleze. Boksi lina soketi mbili, na Garratt ana injini mbili. Sijaona bahati kama hiyo. Nyaya za mota zote zinaelekea kwenye boila, kwa hiyo mota zimepeana migongo, na moja lazima iambiwe kwenye simu izunguke kinyume, la sivyo garimoshi linajivuta lenyewe pande mbili na halitoki hapo lilipo. Kila fremu ina mihimili minne ya magurudumu makubwa. Ile miwili ya katikati nimeivisha magurudumu yasiyo na ukingo, ili yateleze juu ya reli kwenye kona badala ya kuibana. Nilidhani huo ni ujanja wa wachezaji, mpaka niliposoma kwamba wahandisi wa magarimoshi marefu walifanya hivyohivyo kwenye magurudumu yao ya kati.

Wageni wanaofika nyumbani huuliza bei, au huuliza ni ya mtoto yupi. Mzee mmoja wa mtaani kwetu, mstaafu wa reli, aliinama juu ya meza muda mrefu mikono ikiwa mgongoni.

"Inavuta ngapi?"

"Mabehewa manane, mzee."

"Mlimani?"

"Hapa hakuna mlima, mzee."

"Basi hii bado si Garratt. Garratt ni mlima. Weka mlima, kijana, halafu uniite."

Mwinuko wa njia kuu ya Mombasa kwenda Nairobi, ambako daraja la 59 lilivuta mizigo ya tani 1,200, ulikuwa asilimia 1.5. Ukiinua reli ya LEGO kibamba kimoja kwa kila kipande cha vinundu 16 unapata asilimia 2.5, kipimo cha kuua mota. Asilimia 1.5 inataka kibamba kimoja kwa kila vinundu 27 hivi, na vipande vya reli haviishii kwenye 27, kwa hiyo nguzo nyingine zitaangukia katikati ya kipande, chini ya taruma. Hilo linawezekana. Shida ni nafasi: kupanda kimo cha vitofali vinane tu, ambacho hakifiki sentimita 8, kunataka mita tano za reli iliyonyooka. Sebule yetu ina mita nne. Mlima utapita koridoni, na mama watoto ameshaarifiwa.