Toleo la Kwanza na Yaliyofuata: Uhakiki wa Historia ya Santuri ya "Jambo Bwana" kwa Kuzingatia Uimbaji wa Karatu na Ngorongoro

Wimbo "Jambo Bwana" wa bendi ya Them Mushrooms ni miongoni mwa kazi za Kiswahili zinazosikika sana duniani na kuhakikiwa kidogo nyumbani. Ni rahisi kuupuuza. Kiswahili chake ni cha salamu za mapokezi, na hadhira yake ya kwanza ilikuwa wageni wa hotelini. Uhakiki huu unauchukulia kama matini yenye historia ya uchapaji, jinsi mhakiki wa tenzi anavyochukulia miswada, na unauliza swali moja: pale wimbo unapoimbwa leo katika nyumba za wageni za Karatu, kuanzia mjini hadi kata ya Daa na lango la Ngorongoro, kinachoimbwa ni kazi ya nani?

Mtunzi anajulikana. Ni Teddy Kalanda Harrison, kiongozi wa bendi hiyo, ambaye pamoja na ndugu zake alipiga muziki katika hoteli za ufukweni mwa Mombasa. Kampuni ya PolyGram iliutoa wimbo kwa santuri nchini Kenya mwaka 1982, na hadi kufikia 1987 nakala zaidi ya 200,000 zilikuwa zimeuzwa. Kwa soko la santuri la Afrika Mashariki, hicho ni kiwango kikubwa mno. Mwaka 1983 kundi la Boney M., chini ya mtayarishaji Mjerumani Frank Farian, lilitoa santuri yake ndogo yenye wimbo huohuo, jina likiwa limegeuzwa kuwa "Jambo – Hakuna Matata" na kuongezewa fasiri ya Kiingereza ya maneno mawili ya mwisho. Safari Sound Band nao waliutoa kwa jina la "Jambo Jambo".

Mabadiliko haya ya jina yana maana kuliko yanavyoonekana. Jina la kwanza lina mtu ndani yake: bwana anayesalimiwa. Katika jina la Boney M. bwana ameondolewa, na nafasi yake imechukuliwa na kauli ya kutuliza, ambayo msikilizaji wa Ulaya angeweza kuikumbuka bila kujua anayeisema wala anayeambiwa. Katika jina la tatu imebaki salamu peke yake, ikirudiwa. Kadiri wimbo ulivyosafiri, mazungumzo yalipungua na kaulimbiu ikakua. Si ajabu kwamba wengi waliokutana na kauli ya "hakuna matata" katika filamu ya Disney ya mwaka 1994, kwa muziki wa Elton John na maneno ya Tim Rice, walidhani imezaliwa humo. (Elton John, ikumbukwe, alipata umaarufu wake mkubwa katika miaka ya 1970, enzi za roki ya mavazi ya kumetameta. Njia ya kauli ya Mombasa hadi kwake ni ndefu na haina kibandiko chochote cha santuri.) Disney ilisajili kauli hiyo kuwa alama ya biashara ya mavazi nchini Marekani mwaka 2003, na mwaka 2018 usajili huo ulizua malalamiko makubwa. Malalamiko yale yalitetea lugha, jambo ambalo ni sahihi. Hata hivyo mtunzi aliyeipa kauli hiyo wimbo wa kuibeba alitajwa kwa nadra.

Turudi kwenye mwaka 1982. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa Februari 1977, mwaka uleule Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, ukafunguliwa tena Novemba 1983. Kabla ya kufungwa, wageni wengi wa Ngorongoro na Serengeti walianzia safari zao Nairobi na kuingia kwa njia ya Namanga. Kwa hiyo wimbo wa kumkaribisha mgeni ulitolewa Kenya wakati mgeni huyo hakuweza kuendelea na safari kwa barabara hadi Karatu. Tanzania nayo haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi zake zilirekodiwa kwenye kanda za Redio Tanzania Dar es Salaam. Mazingira hayo yanatoa sababu ya kutilia shaka dhana kwamba wimbo ulifika nyanda hizi kama bidhaa ya dukani. Inaelekea zaidi kwamba ulifika baadaye, pamoja na wageni na watumishi wa utalii, kwa masikio na midomo.

Ndiyo maana uimbaji wa Karatu una sura ya fasihi simulizi. Jina la Kenya limeng'olewa na la Tanzania likawekwa bila mizani kuvunjika, kwani majina yote mawili yanaweza kubebwa na mapigo yaleyale kwa kubana silabi kidogo. Waimbaji huongeza majina ya milima, ya mbuga, hata ya mgeni mwenye siku yake ya kuzaliwa. Fanani ni mpishi, mhudumu au mbeba mizigo, na wengi wao lugha yao ya kwanza ni Kiiraqw. Kwao, kama ilivyo kwa mgeni, Kiswahili cha wimbo ni cha kujifunza, ingawa wao wamejifunza zaidi ya salamu. Wanajua kwamba katika mazungumzo ya kawaida hakuna anayejibu "jambo" tupu. Wanaliimba hivyo kwa sababu wimbo unalitaka.

Mhakiki anayemfuata Lord (1960) angesema kwamba katika utendaji kila uimbaji ni asili yake wenyewe, na swali la toleo la kwanza halina maana. Kwa nyimbo za jando au za mavuno hoja hiyo inakubalika. Kwa "Jambo Bwana" ina hatari, na hatari yenyewe ni ya kisheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania, Na. 7 ya mwaka 1999, inatenganisha kazi za watunzi na semi za jadi. Anayeuita wimbo huu wa jadi, kwenye jalada la diski au katika tasnifu, anauhamisha kutoka fungu la kwanza hadi la pili, na mtunzi anapoteza jina pamoja na mirabaha. Mgogoro wa "Malaika", ambao watu kadhaa wametajwa kuwa watunzi wake, unaonyesha jinsi ilivyo vigumu kurudisha jina likishayumba.

Kwa maoni yangu, kinachopasa kutenganishwa ni kiunzi na nafasi. Kiunzi, yaani lahani, mfuatano wa salamu na kiitikio, ni cha Harrison, na santuri ya 1982 ndiyo hati yake. Nafasi ya jina la nchi na nyongeza zake ni ya waimbaji wa Karatu, na ubunifu wao humo unastahili kurekodiwa kwa tarehe, mahali na ridhaa yao. Mtafiti anayenukuu uimbaji wa lango la Ngorongoro aandike basi majina ya pande zote mbili, la mtunzi kwanza.