Kombi, maembe na pua: ufundi wa urafiki katika Petit Pays

Watoto watano wana Kombi ya Volkswagen iliyotelekezwa kwenye kiwanja kitupu, katika kichochoro kimoja cha mtaa wa Kinanira, Bujumbura. Humo ndimo wanamopangia wizi wa maembe ya majirani, wanamobishana, na wanamoamini kwamba hakuna kitakachowatenganisha. Gaby, msimulizi, baba yake ni Mfaransa na mama yake ni Mnyarwanda mkimbizi. Gino ana baba Mbelgiji na mama Mnyarwanda. Kuna mapacha wa nyumba ya jirani, na kuna Armand, ambaye katika kundi zima ndiye peke yake mwenye wazazi weusi wote wawili. Huo ndio msingi wa Petit Pays, riwaya ya Gaël Faye iliyotoka Ufaransa mwaka 2016 na mwaka huohuo ikapewa tuzo ya Goncourt des lycéens, ambayo majaji wake ni wanafunzi wa sekondari.

Nataka kuchambua jinsi urafiki huo ulivyojengwa na jinsi ulivyovunjwa. Vitabu vingi vya vijana kuhusu marafiki wa mila tofauti hufuata njia moja: wawili wanakutana, wanashangaana, wanagombana kwa sababu ya mila za kwao, kisha moyo unashinda. Faye hakupita huko, na kwa sisi tunaoishi Bukavu njia aliyoichagua ina uzito wa pekee.

Tuanze na dibaji. Baba anawaeleza Gaby na dada yake Ana kwa nini Wahutu na Watutsi wanapigana. Watoto wanauliza maswali ya akili: nchi si ni moja? lugha si ni moja? Mungu si ni mmoja? Mwisho baba anabaki na pua tu kama sababu, na watoto wanaanza kukagua pua za watu mjini kama mchezo. Baada ya hapo mwandishi analiacha jambo hilo na kutuingiza kwenye maisha ya kichochoro, kurasa nyingi zenye joto la mchana, baiskeli na uvivu wa likizo. Msomaji tayari amebeba mzigo ambao Gaby hajaubeba. Kila mara watoto wanapocheka, sisi tunajua tarehe: Juni 1993 Melchior Ndadaye anachaguliwa kuwa rais wa Burundi, Oktoba 21 anauawa, na Aprili 1994 mauaji ya kimbari yanaanza Rwanda. Taharuki ya riwaya nzima inatokana na pengo hilo kati ya anachokijua mtoto na anachokijua anayemsoma. Ndiyo maana Faye hana haja ya kuongeza sauti ya hatari. Anaiacha kalenda ifanye kazi.

Halafu anatuleta Bukavu. Mapema kabisa katika kitabu, familia inafunga safari kumtembelea Jacques, mzee Mbelgiji anayeishi kando ya ziwa. Wasomaji wengi wa mbali huipita sura hii wakiiona kama picha ya mabaki ya ukoloni: mzee, wiski, mpishi wake Évariste, mandhari ya Kivu. Mimi naiona kama nguzo ya msuko. Hapa ndipo ugomvi wa wazazi unapojitokeza wazi. Baba anatazama vilima na maji na kuona mahali pazuri pa kuishi. Mama, aliyekulia ukimbizini, anatazama vilima vilevile na kuona shida za wanaoishi humo, na hatari iliyolala chini ya maji. Mtu wa Bukavu haelezwi jambo hilo. Gesi ya methani iliyomo katika kina cha Ziwa Kivu ni habari ya kila siku kwetu, na uzuri wa rasi za mji huu haujawahi kumzuia mtu kukimbia.

Kwa nini sura hiyo ikae mwanzoni? Kwa sababu ndoa ya wazazi ni muungano wa kwanza wa watu wa mila mbili tunaouona, nao unapasuka kabla urafiki wa watoto haujajaribiwa. Na tazama unavyopasuka. Hawagombani kuhusu chakula, mavazi au dini. Wanagombana kwa sababu mmoja anaweza kuondoka wakati wowote na mwingine hana pa kurudi. Baadaye, kichochoro kitakapoanza kugawanyika, tutakuwa tumeshafundishwa mahali pa kutazama.

Kuhusu mila zenyewe, Faye ana mbinu ninayoipenda kuliko zote za kitabu hiki. Mapacha wanarudi kutoka likizo kwa bibi yao kijijini na kusimulia jinsi bibi alivyogundua kwamba hawajatahiriwa, na jinsi jambo hilo lilivyorekebishwa bila wao kuulizwa. Mwandishi mwenye haraka angefanya mjadala hapa: jadi upande mmoja, usasa upande wa pili, na msemaji wa kila upande. Faye anawapa mapacha wenyewe usukani. Wanapokezana maneno, wanatia chumvi, wenzao wanashangaa na kucheka, na maumivu yanapita katikati ya kicheko. Mgongano wa tamaduni unakuwa hadithi ya vijana ndani ya Kombi, kama ambavyo huwa katika maisha. Tena hadithi hiyo ina kazi ya pili: ndani yake mapacha wanataja kwamba huko kijijini wameiona baiskeli ya Gaby iliyoibwa.

Baiskeli inawapeleka Gaby, Donatien ambaye ni msimamizi Mzaire wa kazi za baba yake, na Innocent dereva, hadi kwa familia maskini ya milimani iliyoinunua bila kujua ni ya wizi. Inachukuliwa. Mtoto wa pale anabaki bila kitu. Gaby anarudi na mali yake halali na aibu ambayo hawezi kuitaja, na hataki tena kuipanda. Sioni ukurasa wowote wa kitabu hiki unaoeleza tabaka kwa uwazi zaidi, na mwandishi hakuandika hata sentensi moja ya mafundisho. Mbinu ni kukifanya kitu kimoja kipite mikononi mwa watu wa hali tofauti, kisha kumwacha msomaji ahesabu gharama.

Sasa kuvunjika. Katika miaka ya 1994 na 1995 Bujumbura ilikuwa na magenge ya vijana wa Kitutsi, Sans Échec na Sans Défaite, yaliyofunga barabara na kuua. Riwaya inayaleta hadi mlangoni mwa kichochoro. Gino, rafiki wa karibu kuliko wote, anavutwa. Francis, mvulana mkubwa ambaye zamani alikuwa adui wa kundi, anageuka mwenzao. Gaby anajificha katika vitabu anavyoazimwa na Bi Economopoulos, mama wa Kigiriki jirani yao, na kundi linamwona msaliti. Halafu baba yake Armand anauawa. Mtu anayeshukiwa anakamatwa na genge na kutiwa ndani ya teksi, na Gaby anapewa kiberiti cha kuiwasha.

Hapa ndipo ninapoona ukweli mkubwa wa Faye. Anayemtaka Gaby aue anamtaka aue kwa ajili ya Armand. Lugha inayotumika pale ni ileile ya Kombi: sisi ni ndugu, mmoja akiguswa wote wameguswa, tuoneshe kwamba uko nasi. Urafiki uliojengwa kwa kurasa mia na zaidi, tuliouamini na kuupenda, ndio unaotumiwa kama hoja ya mauaji. Kama Faye angeanza na makabila, tukio hili lingekuwa la chuki tu, na chuki ni rahisi kuikana. Kwa kuwa alianza na maembe, msomaji kijana anajikuta ameshasema ndiyo kwa uaminifu huo zamani, na sasa anaona ulipofika. Vitabu vya vijana hutuambia urafiki ni dawa ya fitina. Hiki kinaonesha pia kwamba fitina inaweza kuazima maneno ya urafiki, na kwamba kijana anayeazimwa maneno hayo huwa hajui siku yalipobadilisha mmiliki.

Kuna riwaya nyingine ya eneo letu inayostahili kuwekwa kando ya hii. Notre-Dame du Nil ya Scholastique Mukasonga, iliyopata tuzo ya Renaudot mwaka 2012, inaeleza lisee ya wasichana milimani Rwanda, mwanzoni mwa miaka ya 1970, ambapo Watutsi wanaingizwa kwa kiwango cha asilimia 10. Huko nako kuna pua. Gloriosa, binti wa mkubwa serikalini, anaona pua ya sanamu ya Bikira Maria ni ya Kitutsi, na anaamua kuibadilisha. Anayemfuata katika kazi hiyo ni Modesta, rafiki yake, ambaye mama yake ni Mtutsi. Wakirudi wamechafuka, Gloriosa anatunga uongo kwamba wamevamiwa, na uongo huo unaleta askari.

Mukasonga amefanya jambo ambalo Faye hakulifanya. Amechora urafiki ambao tangu siku ya kwanza mmoja anaulipia na mwenzake anaufaidi. Modesta anajua bei yake. Kila ukurasa anapima namna ya kumpendeza Gloriosa bila kujikana kabisa. Faye anawapa wavulana wake miezi mingi ya usawa, na usawa huo unawezekana kwa sababu karibu wote wana ukuta, bustani na mpishi. Hilo ndilo doa ninaloliona katika Petit Pays. Armand anapata msiba mkubwa, lakini tunamjua kidogo kuliko Gino. Prothé, mpishi wa kina Gaby, Mhutu aliyeufurahia uchaguzi wa 1993, tunampenda kutoka jikoni tu. Ana, dada wa msimulizi, yuko karibu muda wote lakini hana rafiki tunayemkumbuka. Na Francis, aliyetoka nje ya kichochoro bila chochote, anaelezwa kwa macho ya waliomwogopa.

Ninaandika haya nikiwafikiria vijana wa Bukavu wanaoandika, na wapo. Darasa moja la sekondari katika komini za Ibanda, Kadutu au Bagira linaweza kuwa na Mshi, Mrega, Mhavu, Mfuliiru, Mbembe na Munyamulenge, wote wakicheka kwa Kiswahili wakati wa mapumziko na kuandika mtihani kwa Kifaransa. Kizazi baada ya kizazi, vita vimewajia watoto hao na swali la kwao ni wapi. Mwandishi anayetaka kulieleza darasa hilo atashawishika kufungua kwa orodha ya makabila, ili msomaji wa mbali aelewe. Ningemwomba asubiri. Awape kwanza wahusika wake kazi ya pamoja: deni la karanga, mpira wa kushona, mtihani wa kuibiana majibu, mzigo wa kuvusha Ruzizi kuelekea Kamembe kabla mpaka haujafungwa. Msomaji akishajua nani kati yao ni mwoga, nani mwongo na nani hawezi kuipuuza njaa ya mwenzake, ndipo swali la asili liingie, na liingizwe na mtu mzima, kwa sauti ya kawaida, mezani au kituoni.

Awachague wasichana pia, kama Mukasonga alivyofanya, kwa sababu msichana huambiwa mapema zaidi nani asiongee naye na nyumba ipi asiingie. Na aanze kwa Francis. Kijana asiye na Kombi, asiye na kichochoro cha kulinda, anayewatazama wenye ukuta wakigawana maembe, ana sababu zake za kutafuta kundi, na sababu hizo bado zinahitaji msimulizi aliye upande wake wa ukuta.